Boti ya Mpira kwa Familia yenye Watoto Wadogo: Vigezo vya Uchaguzi katika Maji ya Afrika Mashariki

Boti ndogo ya mpira, yaani chombo cha kitambaa kizito ambacho umbo lake hushikiliwa na hewa iliyojazwa ndani ya mabomba ya pembeni, humvutia mzazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa kwa sababu hukunjwa ikaingia katika buti la gari, haihitaji gati wala mlinzi wa usiku, na kwa kawaida hugharimu kidogo kuliko boti ya faiba ya urefu uleule. Wepesi huo unaoifanya ipendeze ndio pia asili ya hatari yake kubwa, kwa kuwa chombo cha kilo 25 kinachoelea juu ya maji bila kuzama kina cha kutosha kukishikilia husukumwa na upepo kuliko mtumbwi wa mti uliojaa watu walewale. Kwa hiyo swali linalopaswa kutangulia mengine yote dukani si la bei wala la rangi, bali ni hili: je, mtu mzima mmoja, tena yule mwenye nguvu chache kati ya wazazi wawili, anaweza kuirudisha boti hiyo ufukweni kwa makasia, injini ikiwa imezimika, watoto wakiwa ndani na upepo ukiwa usoni? Maswali ya ukubwa, sakafu, kitambaa na injini, ambayo wauzaji huyazungumza kwanza, hupata majibu yake chini ya swali hilo.

Uchaguzi, basi, huanzia kwenye maji yenyewe. Katika pwani ya Kenya na Tanzania bara pepo kuu mbili za mwaka, kusi linalovuma kutoka kusini-mashariki na kuwa kali zaidi kati ya Juni na Agosti, na kaskazi linalovuma kutoka kaskazini-mashariki na kushika nguvu Januari na Februari, zote hutoka upande wa bahari, hivyo boti iliyoshindwa huelekea kusukumwa pwani au sambamba na pwani. Hali hugeuka kabisa katika fukwe za magharibi mwa Unguja, ambako pepo hizohizo hupita kwanza juu ya kisiwa na kufika ufukweni zikitokea nchi kavu, na maji ya karibu yakaonekana tulivu kama ya bwawa ilhali mita mia tatu mbele upepo una nguvu zake zote na unaelekea nje. Mzazi anayeyatazama maji hayo akiwa mchangani hudanganyika kwa urahisi. Umande, yaani upepo wa asubuhi unaotoka bara kuelekea baharini, huleta hatari ya aina hiyo hata upande wa bara, ingawa kwa saa chache tu kabla jua halijapanda. Vipindi vya tangambili, pale kusi na kaskazi zinapopokezana, yaani mnamo Machi na Aprili, kisha Oktoba na Novemba, ndivyo vinavyoifaa zaidi familia inayoanza, japokuwa mvua za masika huleta ngurumo na upepo wa ghafla.

Jambo la pili katika maji ya pwani hii ni kupwa na kujaa, ambalo vitabu vya maelekezo vinavyotungwa kwa ajili ya maziwa ya Ulaya hulipita haraka. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti kati ya maji ya juu na ya chini katika bandari za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hufikia mita tatu na zaidi. Wakati wa maji mafu, yaani siku za robo ya mwezi, tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita moja. Jambo linalofaa kukumbukwa na kila familia ni kwamba katika bandari hizo siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, ambayo ndiyo saa hasa ambayo familia nyingi hufika ufukweni siku ya mapumziko, na mahali palipokuwa na maji huwa ni uwanda wa mawe, mwani na madimbwi unaoenea hadi mwambani. Maji mafu huwa kinyume chake: maji hujaa karibu na saa hizohizo, hayaendi mbali, na mikondo inayotoka kupitia milango ya mwamba huwa dhaifu. Kwa familia yenye watoto wadogo siku za maji mafu ni bora karibu kwa kila kipimo, na kalenda ya mwezi iliyotundikwa ukutani ni kifaa cha usalama kisichopungua thamani mbele ya nanga.

Kwa wale wa bara, wa Mwanza, Musoma, Kisumu au Entebbe, Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa maana hiyo, lakini lina upepo wa nchi kavu unaovuma kuelekea ziwani usiku hadi asubuhi, na dhoruba za radi ambazo huzuka usiku na alfajiri kuliko nyakati nyingine. Lina pia kichocho, ugonjwa unaoletwa na minyoo wanaoishi ndani ya konokono wa maji yaliyotulia yenye majani, yaani kandokando hasa ambapo boti ndogo hushushwa na watoto huchezea. Na lina viboko na mamba, ambao kwa boti ya kitambaa ni hoja inayomaliza mjadala katika sehemu zinazojulikana kuwa makazi yao.

Madukani hupatikana bidhaa mbili zinazofanana kwa macho lakini zisizo na undugu wowote. Ya kwanza ni chombo cha plastiki tupu, laini na chembamba, kisicho na nyuzi ndani yake, ambacho kimekusudiwa kwa bwawa la kuogelea na ambacho hutoboka kwa gamba moja la chaza katika mizizi ya mikoko. Ya pili ni boti ya kweli, iliyotengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi za poliesta kilichopakwa plastiki au mpira pande zote mbili, yenye ubao mgumu nyuma na kibao cha mtengenezaji. Uwezo wa aina hii ya pili si wa kutiliwa shaka: mwaka 1952 daktari Mfaransa Alain Bombard alivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Visiwa vya Kanari hadi Barbados katika boti ya mpira ya urefu wa takriban mita 4.6, ingawa inafaa kuongezwa kwamba hakuwa na mtoto wa miaka minne ndani yake.

Kibao cha mtengenezaji, ambacho kwa kawaida hubandikwa kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, ndicho maandishi ya pekee dukani yanayostahili kusomwa neno kwa neno. Huonyesha idadi ya juu ya watu, uzito wa juu kwa kilo, nguvu ya juu ya injini na presha inayotakiwa katika mabomba. Boti zilizotengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 6185 hulitaja jina la kiwango hicho, na zile zinazouzwa katika soko la Ulaya zenye urefu wa kuanzia mita 2.5 huonyesha pia herufi ya daraja: D ni kwa maji yaliyokingwa, yenye mawimbi ya kiasi cha sentimita 30 ambayo mara chache hufika nusu mita, na C ni kwa maji ya karibu na pwani yenye mawimbi ya hadi mita mbili. Daraja la C halimaanishi kwamba mtoto atakuwa salama katika mawimbi ya mita mbili. Linamaanisha tu kwamba chombo chenyewe kimebuniwa kuyastahimili. Boti fupi kuliko mita 2.5 haziguswi na sheria hiyo ya Ulaya, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuzitazama kwa jicho kali zaidi.

Hesabu ya ukubwa hufanywa kwa watu halisi. Ikiwa baba ana kilo 70, mama kilo 65, na watoto watatu wana kilo 14, 19 na 27, jumla ni kilo 195. Injini ndogo ya kilo 25 huifikisha 220, na mafuta, nanga, maji ya kunywa na mfuko wa chakula huisogeza hadi 250 hivi. Boti ya mita 2.7 inayoruhusu kilo 400 huonekana kuwa na nafasi tele, mpaka pale kibao kinaposomwa tena na kuonekana kwamba inaruhusu watu wanne tu. Mipaka hiyo miwili husimama pamoja, na ule unaofikiwa kwanza ndio unaotawala. Mtoto aliyelala mapajani mwa mama bado ni mtu mmoja, kwa kuwa siku ya shida atahitaji mahali pa kukaa na pa kushika. Familia ya watu watano haina budi kutafuta boti ya mita tatu au zaidi kidogo, au kukubali kwenda kwa zamu, na kwa zamu kuna faida kwamba mzazi mmoja hubaki ufukweni akitazama. Kwa mzazi mmoja na watoto wawili, boti ya mita 2.5 hadi 2.7 hutosha. Unene wa mabomba nao ni wa maana kuliko urefu unavyodokeza, kwa kuwa bomba la kipenyo cha sentimita 42 humkinga mtoto aliyeketi chini kwa ukuta wa kweli, ilhali lile la sentimita 30 huruhusu kila wimbi dogo kumwagika ndani.

Mabomba hayo hugawanywa kwa viambaza vya ndani kuwa vyumba vya hewa vinavyojitegemea, ili kimoja kikitoboka vingine viendelee kuibeba boti. Vyumba vitatu, mbali na sakafu na mkuku wa hewa, ndivyo kiasi cha chini kinachofaa kwa familia. Hakuna maelezo ya muuzaji yanayoweza kuchukua nafasi ya jaribio rahisi ambalo wazazi wanapaswa kulifanya mapema: katika maji ya kiunoni, siku ya utulivu, hewa ya chumba kimoja hutolewa kwa makusudi wakati watu wazima wamo ndani, kisha hutazamwa boti inakaaje na kama bado inaweza kupigwa makasia. Wakati wa kujaza, vyumba vyote hupewa kwanza hewa ya nusu kabla ya kimoja kujazwa kabisa, kwa kuwa kujaza kimoja hadi mwisho huku jirani yake kikiwa tupu hukivuta kiambaza upande mmoja na kuweza kukipasua, na kiambaza kilichopasuka ndani hakionekani kwa nje hadi siku kinapohitajika.

Presha na jua ni suala ambalo katika nchi hizi linadai uangalifu wa pekee. Mabomba mengi hujazwa hadi baa 0.2 au 0.25, baa moja ikiwa karibu sawa na mgandamizo wa hewa ya kawaida duniani, na kipimo hicho huhesabiwa juu ya hewa hiyo ya kawaida. Boti iliyojazwa asubuhi kwa baa 0.25 hewa ikiwa na nyuzi joto 25, kisha ikaachwa mchangani mpaka hewa ya ndani ikafikia nyuzi 50, hupanda hadi karibu baa 0.35, yaani ongezeko la asilimia 40, ikiwa mabomba hayatanuki. Maungio dhaifu huachia katika hali hiyo, na mara nyingi huachia mchana wakati wa chakula, chombo kikiwa hakina mtu. Njia ya kujilinda ni kuiacha boti majini au kivulini, kuifunika kwa shuka jeupe, au kupunguza hewa kidogo inapotolewa majini na kuirudisha kabla ya kuondoka. Na kwa ajili hiyo kipimo cha presha na pampu vinapaswa kusafiri pamoja na boti, visibaki nyumbani.

Sakafu huuzwa kwa aina kadhaa, na kwa watoto wadogo mwandishi yeyote mwenye busara angeiweka ya hewa mbele ya nyingine. Sakafu ya hewa ya presha kubwa, ambayo ndani yake maelfu ya nyuzi fupi huunganisha kitambaa cha juu na cha chini ili ijazwe hadi baa 0.7 au zaidi bila kuvimba katikati, huwa ngumu kiasi cha mtu kusimama, ni laini kwa magoti ya mtoto, na haina nyufa za kubana vidole. Mbao za vipande ni rahisi na nyepesi, lakini hunesanesa na kukusanya mchanga chini yake, ambao husaga kitambaa kwa kila hatua. Sakafu ya aluminiamu au plaiwudi huipa boti mwendo mzuri chini ya injini yenye nguvu, na huiongezea uzito ambao siku ya bamvua lazima ubebwe mita mia mbili juu ya mawe.

Makasia ndiyo sehemu ambayo watengenezaji hubana gharama, na ndiyo sehemu ambayo kwa mujibu wa swali la mwanzo haipaswi kubanwa hata kidogo. Yanayokuja na boti mara nyingi ni mafupi, yenye viungo vya plastiki vinavyolegea, na vishwara vyake, yaani vishikio ambamo kasia huzungukia, hung'oka vikivutwa kwa nguvu. Mtu mzima mwenye makasia mazuri katika maji matulivu huenda kiasi cha noti mbili, noti moja ikiwa kilomita 1.85 kwa saa. Dhidi ya upepo wa noti 15, ambao kusi huufikia mara nyingi alasiri, husonga kwa shida au hasongi kabisa. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayopanga umbali wa safari: familia inayopima jinsi mzazi mmoja anavyoweza kurudi, na kuanza safari kwa kuelekea upande upepo unakotoka, hujua mipaka yake kabla bahari haijaionyesha. Nanga ndogo yenye kamba isiyopungua mara tano ya kina cha maji hukamilisha kinga hiyo, kwa sababu boti iliyoshindwa kwenda mbele inaweza angalau kukataa kurudi nyuma.

Injini, basi, ni nyongeza, wala si msingi. Ya nguvu farasi 2.5 ina uzito wa kilo 13 hadi 17, hubeba tangi la takriban lita moja ndani yake, na huisukuma boti ya familia kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka au zaidi kidogo. Ya nguvu farasi sita, ambayo ni sawa na kilowati 4.5, hukaribia kilo 25 na hufaa pale penye mkondo. Kupita kiwango kilichoandikwa kwenye kibao hulegeza ubao wa tezi, na boti nyepesi yenye injini nzito huinua omo hadi upepo ukaingia chini yake. Upatikanaji wa vipuri na fundi katika mji wa karibu ni hoja yenye uzito kuliko tofauti ndogo za matumizi ya mafuta, na wavuvi wa eneo husika hutoa jawabu la kuaminika kuhusu chapa ipi hutengenezeka. Kamba ya kuzimia injini, ambayo hufungwa mguuni au kiunoni mwa nahodha na kuikata injini akianguka, huvaliwa kila mara. Pangaboi halimtofautishi mtoto na mwani.

Kuhusu kitambaa, PVC ni rahisi kwa bei na hutawala soko, lakini jua la ikweta huifanya igande na kunata baada ya miaka kadhaa. Kitambaa kilichopakwa mpira wa aina ya Hypalon hugharimu zaidi na hustahimili jua, joto na petroli kwa muda mrefu zaidi. Familia inayoitumia boti mara moja kwa mwezi na kuihifadhi ndani ya nyumba haina sababu kubwa ya kulipia Hypalon, ilhali inayoiacha ufukweni wiki nzima inayo. Gundi ya kitambaa kimoja haishiki katika kingine, hivyo aina lazima ijulikane kabla ya kununua vifaa vya kiraka.

Jaketi okozi la mtoto huchaguliwa kwa uzito wake, wala si kwa umri, na halinunuliwi kubwa kwa matumaini kwamba atalikulia. Lile la kiwango cha 100, lenye kola ya kuegemeza kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu, limebuniwa kumgeuza mvaaji uso juu. Lile la kiwango cha 50 ni msaada tu kwa anayejua kuogelea, na halimfai mtoto mdogo. Likiinuliwa kwa mabega huku mtoto amelivaa, halipaswi kupanda hadi masikioni. Ndani ya boti watoto huketi sakafuni, wala si juu ya mabomba wala omoni, kwa kuwa anayeanguka kutoka omoni hupitiwa na chombo kizima kabla ya kufika kwenye pangaboi. Mtoto mchanga ambaye hakuna jaketi linalomkaa sawasawa hubaki ufukweni, na pamoja naye mtu mzima mmoja.

Boti iliyokwishatumika inaweza kuwa ununuzi mzuri iwapo mnunuzi atapewa siku nzima. Hujazwa kivulini hadi presha iliyoandikwa, maji ya sabuni hupakwa kwenye valvu na maungio ili mapovu yaonyeshe panapovuja, kisha huachwa saa 24 na kupimwa tena saa ileile, ili tofauti ya joto la mchana na usiku isichanganywe na uvujaji. Kitambaa kinachonata kidoleni, ubao wa tezi unaolainika ukibonyezwa kwa ncha ya bisibisi, na viraka vilivyopangana kwenye ungio moja ni sababu tatu za kuondoka bila kupatana bei. Mnunuzi huulizia pia masharti ya usajili na vifaa vya lazima kwa chombo kidogo chenye injini, kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, au kwa mamlaka ya bahari ya Kenya, kutegemea maji atakayotumia. Na akikusudia kushukia visiwa kama Mbudya au Bongoyo, ambavyo vimo katika hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam, atambue kwamba kuna kiingilio. Nyumbani boti huoshwa kwa maji baridi, mchanga hutolewa kwenye kona za sakafu, hukaushwa kabisa na kuhifadhiwa juu ya rafu, mahali ambapo panya hawafiki, kwa maana mikunjo ya kitambaa chenye harufu ya chakula ni makazi wanayoyapenda, na tundu la panya kwa kawaida huwa kwenye ungio, ambako kiraka hushika vibaya kuliko kwingine kokote.